Taa za Probox Nyeupe

"Simama, Nagura!"

Hakuna aliyesimama. Raba ziliendelea kukimbia gizani mbele yake, kisha zikanyamaza ghafla.

Nje ulikuwa mchana mweupe, theluji imejaa hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Humu ndani Tsukuda Orie hakuuona hata mkono wake mwenyewe. Ukumbi wa kupimia taa za magari ulikuwa mrefu kuliko uwanja wa mpira. Haukuwa na dirisha hata moja, na kuta, dari na sakafu vilipakwa rangi nyeusi tii isiyorudisha mwanga. Walioujenga walitaka taa ya gari ipimwe bila kusaidiwa na jua. Walitaka giza la kweli na walilipata.

Tsukuda aliogopa.

Tuseme mapema tusije tukadanganyana. Mwanamke huyu alikuwa na miaka arobaini na moja, mingi kati yake ameitumikia idara ambayo haina hata kibao mlangoni. Kwapani alining'iniza bastola ya SIG, mkononi alivaa saa ya G-Shock iliyowahi kuzama baharini pamoja naye. Lakini giza lilimtia hofu tangu utotoni, na kazi haikumponya.

"Mkuu, nimempoteza," alinong'ona.

Kifaa kidogo kilichojificha sikioni kilikwaruza. "Umempoteza vipi? Ukumbi una mlango mmoja." Hiyo ilikuwa sauti ya Ibuki, mkuu wake, aliyekuwa amekaa Tokyo mbele ya chai yake.

"Ndiyo maana naogopa, Mkuu. Yumo humu humu na mimi."

Paa!

Taa mbili za lori, zilizofungwa kwenye meza ya majaribio, zilimlipukia usoni. Dunia yote ikawa nyeupe. Hakuona mtu, hakuona ukuta, aliona mwanga tu, na kwa kuwa mwanga ndio kitu pekee alichokiona, miguu yake ilitaka kuufuata.

Alisikia chuma kikivuma hewani.

Akajitupa chini. Spana ya magurudumu ilipita pale kichwa chake kilipokuwa, ikagonga sakafu. Tsukuda alifumba macho, akarusha teke kule iliposikika pumzi ya mtu. Likampata. Mtu aligumia, akaanguka, na kabla hajajua yuko wapi goti la mwanamke lilikuwa mgongoni mwake.

"Aa, dada, dada! Mgongo huo! Nina mgongo mbovu!"

"Ulipokuwa unanirushia spana haukuwa mbovu?"

Alimfunga mikono kwa kamba za plastiki, akamkalisha, akawasha taa za dari. Nagura alikuwa fundi wa kupima taa, mtu mzima mwenye kipara na miwani iliyopinda, aina ya mtu anayesahau mwavuli kila mahali. Asubuhi ile idara iligundua kwamba amechota vipimo vya taa za magari yote yaliyopita hapo mwaka mzima, akawauzia watu wa magendo. Hao walikuwa wakisafirisha lenzi za kuongozea makombora, kwa siri, kupitia bandari ya Niigata. Agizo lilimfikia Tsukuda akiwa anakunywa supu ya miso, kwa sura ya taarifa ya hali ya hewa: *Ukungu umeshuka mlimani, kagua taa.* Aliacha supu.

Ila hakuna mtu Tokyo aliyeelewa jambo moja, naye akaliuliza.

"Watu wa magendo wanataka vipimo vya taa vya nini?"

"Mimi nauza namba tu, dada. Namba hazijawahi kuua mtu."

"Nagura."

"Basi, basi." Alilamba midomo. "Gari unaweza kulibadilisha namba. Ukalipaka rangi. Ukalibandika jina la duka la tofu. Lakini umewahi kuona mtu anakumbuka kubadilisha taa? Kila taa ina mstari wake, pale mwanga unapokatika na giza kuanza. Taa ikizeeka, mstari unapinda. Hii ina tuta, ile ina doa, nyingine inaangalia pembeni kama mtu anayekudai. Nipe vipimo vyake, nitakutolea hilo gari hata kati ya magari laki moja."

"Walikuomba gari gani?"

Fundi alitazama raba zake.

"Probox. Nyeupe. Ilikuja kukaguliwa mwezi uliopita. Taa ya kushoto inatazama chini kidogo, na ina doa mfano wa harage."

Tsukuda alilijua gari hilo.

Alilileta yeye.

Ndani ya Probox ile, muda huo huo, mhandisi Kuze Mitsuru alikuwa akipanda mlima peke yake kwenda Niigata. Kuze alitengeneza lenzi zile bila kujua zinakwenda wapi, na siku aliyojua alikosa usingizi. Kesho angesimama mahakamani kutaja majina. Asipofika, kesi imekufa, na lenzi zitaendelea kusafiri. Mgane yule wa miaka sitini alikuwa amekataa mara mbili. Tsukuda ndiye aliyemshawishi, jikoni kwake, mzee akimenya chungwa dogo taratibu na kumgawia nusu. "Barabarani hakuna atakayekujua, Bwana Kuze," alimwambia. "Nakuahidi." Wakabadilisha namba za gari mara tatu. Wakamnyang'anya simu, kwa sababu wale watu walikuwa na masikio kwenye simu.

Kisha Tsukuda akaona stika ya ukaguzi imekwisha muda. Gari lisilo na stika si linaweza kusimamishwa na askari? Basi, kama raia mwema, akalipeleka likapimwe breki, moshi na taa, akalibandika stika mpya. Gari la kumtoroshea mtu likapelekwa ukaguzi! Kosa kama hilo hufanywa na watu wa kwetu tu, tena kwa moyo mweupe kabisa.

"Nani alipeleka lile gari kwenye ukaguzi?" Ibuki aliuliza sikioni.

"Mimi, Mkuu."

"Hm."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Wanamsubiri wapi?" Tsukuda alimgeukia fundi.

"Handaki la Yukimori. Kuna matengenezo, upande mmoja umefungwa, magari yanapishana kwa zamu. Pale magari yanaposimama kungoja wameweka ubao mweupe, na jicho. Kamera, yaani. Mwanga wa gari la mbele unapiga kwenye ubao, jicho linalinganisha na vipimo vyangu. Lakini linataka gari limesimama na taa zimewaka, sekunde mbili tatu hivi. Gari likiwa mwendoni halisomi kitu."

"Likishasoma?"

"Sijui. Naapa. Sikuuliza."

"Hukuuliza, au hukutaka kujua?"

Tsukuda aligusa kifaa sikioni.

"Mkuu, polisi?"

"Wanazungukia upande wa pili wa mlima. Theluji imewashika. Helikopta haiwezi kuruka. Wewe uko karibu na handaki kuliko mtu yeyote, na Kuze yuko nyuma yako kwenye barabara hiyo hiyo. Msimamishe."

"Hatasimama. Nilimfundisha asisimame kwa mtu yeyote barabarani, ila kwenye taa nyekundu tu. Akipungiwa mkono, ageuze gari akimbie."

"Hata akiwa wewe?"

"Hata mimi. Na akigeuza, nyuma yake njia imeshafungwa na theluji. Watamkuta amekwama kwenye theluji."

"Umemfundisha vizuri mno," Ibuki alisema.

Tsukuda alitazama nje kupitia mlango. Uani kulikuwa na gari la kutumwatumwa la kituo kile. Lilikuwa Probox, tena nyeupe. Nusu ya magari ya kazi ya mkoa ule ni Probox nyeupe.

"Nagura, inuka. Unaingia kazini."

Alikata kamba, akamwachia bisibisi na mdomo wa bastola umwangalie shingoni. Gari likasogezwa mbele ya mashine. Kwenye skrini ukatokea mstari mwekundu wa taa za Kuze, na chini yake mstari wa buluu wa taa za gari hili, kila mmoja na njia yake.

"Shusha ya kushoto."

"Nashusha."

"Zaidi."

"Dada, kazi hii nimeifanya tangu wewe ukivaa sketi ya shule."

"Zaidi, Nagura."

Alizungusha skrubu kwa ncha za vidole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora doa juu ya kioo cha taa, akalifuta kidogo kwa kidole gumba, akalichora tena. Mstari wa buluu ulisogea, ukapinda, ukaingia ndani ya ule mwekundu.

"Zimeoana!" Uso wake uling'aa kwa furaha ya fundi. Halafu akakumbuka kazi yenyewe ni ya nini, na uso ukazima. "Dada... wakikusoma wewe, itakuwaje?"

"Si ulisema hukuuliza?"

Alimfunga kwenye nguzo ya mashine, akamfunika na koti la kazi lililotundikwa pale asigande kabla askari hawajamfikia.

"Tsukuda," Ibuki aliita, gari likiwa tayari barabarani. "Unaelewa kwamba watakuua wewe badala yake?"

"Naelewa, Mkuu."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Ungesema huogopi ningemtuma mwingine."

"Mwingine hayupo."

"Hayupo."

Barabara ilipanda kwa kona kali, kuta za theluji zimesimama kila upande juu kuliko gari. Jua la majira ya baridi halina subira huku. Lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima, na kila gari lilikuwa limewasha taa. Tsukuda alijaribu kupanga mambo kichwani. Atafika mbele ya Kuze. Atasimama mbele ya ubao. Watamsoma. Muuaji atajitokeza, pengine kwa bastola, pengine kwa kisu. Naye atakuwa tayari. Ndio mpango huo, na kila alipourudia uliona aibu kuitwa mpango.

Alitaka sana kwenda haja ndogo.

Handaki la Yukimori likatokea, domo jeusi katikati ya weupe. Palikuwa na koni za rangi ya machungwa, taa ya barabarani ya muda na kibanda cha mlinzi. Kando yake kulikuwa na ubao mweupe ambao mtu yeyote angedhani ni sehemu ya matengenezo. Taa ilikuwa imegeuka nyekundu dakika ile ile. Tsukuda akawa wa kwanza kwenye mstari.

Mwongoza magari alisimama mbele yake, kofia ngumu kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani, mkononi kijiti chenye taa nyekundu. Akainama kwa heshima kumwomba radhi kwa kumchelewesha, na Tsukuda naye akainamisha kichwa.

Kwenye kioo cha nyuma gari jingine lilipiga kona na kuja kusimama nyuma yake.

Taa ya kushoto ilitazama chini. Ilikuwa na harage.

Kuze. Mita chache tu! Angeweza kushuka akagonga dirisha lake. Taa zile za Kuze zilififia, zikabaki zile ndogo za pembeni, na Tsukuda akageuza macho mbele. Aliingiza mkono ndani ya koti, akashika bastola.

Magari ya upande wa pili yalitoka handakini, moja moja, yakapita. Mwongoza magari aliinamia kila moja.

Tsukuda akasubiri.

Hakuna kilichotokea.

Yule mtu aligusa kifaa sikioni mwake, akatazama ubao, akatazama pembeni. Hana habari. Mbona hawamsomi? Nagura amemdanganya? Wino umefutika kwa theluji? Tsukuda naye aliutazama ubao.

Ulikuwa wa kijivu. Hapakuwa na mwanga wowote juu yake.

Polepole, kama mtu anayetafuta pochi huku anajua imeshaibwa, alishusha macho kwenye swichi ya taa.

Alikuwa amezipunguza. Mkono wake wenyewe ndio uliozipunguza, gari liliposimama tu, bila kumwomba ruhusa. Baba yake alifanya hivyo. Kila mwenye adabu huku hufanya hivyo: ukisimama unaangaliana na mtu, unapunguza taa usimuumize macho. Amepanda mlima mzima aje kufa kwa niaba ya mtu mwingine, halafu akapunguza taa ili asimkere muuaji!

Taa ikawa kijani.

"Karibu, karibu," mwongoza magari alipunga kijiti.

Akiondoka sasa, Kuze atasogea mbele ya ubao. Kuze atawasha taa, atafunga mkanda, atatia gia taratibu kama anavyomenya machungwa. Jicho litapata sekunde zake zote.

Basi Tsukuda hakuondoka.

Aliwasha taa. Mwanga ukaupiga ubao, na hapo ukatokea mstari ule, kushoto umeinama, katikati harage. Akaikanyaga breki kana kwamba ataitoboa sakafu.

Moja.

Hakuna aliyepiga honi. Watu wa milima hii wako tayari kuzeeka kwenye foleni kuliko kumpigia mtu honi.

Mbili.

Mwongoza magari alikuja mbio fupi fupi hadi dirishani. "Mama, ni kijani. Kuna tatizo?"

"Samahani sana, samahani. Gia inagoma. Ni gari la kazini, sijalizoea."

"Pole, pole. Usiwe na haraka." Alikuwa na uso mzuri, wa mtu unayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba.

Kitu kikalia sikioni mwa mtu yule, kidogo, mfano wa kifaranga.

Tabasamu lilibaki pale pale. Macho ndiyo yaliyohama. Yalimtazama Tsukuda, kisha gari, kisha Tsukuda tena, kwa mashaka kidogo, maana aliambiwa ni mwanaume. Halafu akaamua kuziamini namba.

"Jaribu sasa, mama."

Gari likatii. Tsukuda aliingia handakini, na nyuma yake akaona kijiti chekundu kikishuka kumzuia Kuze. Yule mtu aliinama kumwomba radhi, kisha akaiweka redio ya upepo mdomoni. Dirisha la Tsukuda lilikuwa bado wazi.

"Moja. Peke yake."

Peke yake? Hakumpiga risasi. Hakuingia na yeye. Kwa nini amwache aende?

Taa za handaki zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya matengenezo. Giza lilimmeza, giza lile lile la ukumbini, ila hili lilinuka maji na moshi wa dizeli. Na mbali kabisa, mwisho wa giza, taa mbili ziliwaka.

Zilikuwa juu sana kuwa za gari dogo. Hazikupunguza mwendo.

Lori!

Aliuelewa mchezo wote kwa mara moja. Hapangekuwa na muuaji, pangekuwa na ajali. Theluji, handaki bovu, lori limefeli breki. Nani angeuliza maswali? Akirudi kinyumenyume, lori litamfuata hadi nje, limkute Kuze kwenye foleni. Akisimama, anakuwa chapati.

Tsukuda alipiga kelele. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, peke yake ndani ya gari, na tusimcheke. Ila mikono, hata wakati mdomo unapiga kelele, ilikuwa inatafuta.

Kushoto, taa ndogo ya kijani. Simu ya dharura. Na penye simu ya dharura ukuta huingia ndani, pakawa na nafasi ya kuegesha gari bovu.

Aliingiza Probox mle, akakata usukani, pua ikatazama nje kuelekea kule lori lilikotoka. Akawasha taa kali. Akafungua mlango na kukimbia kurudi alikotoka, bega likisugua ukuta, hadi pale nafasi ile inapoishia kwa kona ya zege nene. Akajibanza nyuma ya kona, akaziba masikio.

Dereva wa lori hakuona kona. Hakuona ukuta. Aliona mwanga ule aliotumwa kuupiga, na akaufuata.

Mshindo ulilitikisa handaki. Zege nyuma ya mgongo wa Tsukuda liliruka, vumbi likamwingia puani na meno yakagongana. Kisha kukawa kimya, na maji yakidondoka mahali.

Alikuwa hai. Alijipapasa kuhakikisha.

Probox ilikuwa imekuwa nyembamba mno. Lori lilikuwa limeingia zima zima ndani ya nafasi ile, na barabara kando yake ilikuwa wazi. Alipanda ngazi ya lori bastola mbele. Dereva alikuwa ameegemea puto la usalama, pua inachuruzika, macho hayana habari na dunia.

"Mikono."

"Mikono yangu... iko wapi?" mtu yule aliuliza kwa dhati.

Aliitafuta kwa niaba yake, akaifunga kwenye usukani, akazima taa za lori. Redio ya upepo kwenye dashibodi ikakwaruza.

"Kwisha?"

Sauti ya kike ingeharibu kila kitu. Akabonyeza kitufe mara mbili bila kusema neno.

"Safi. Naita polisi sasa, ajali imetokea. Wewe zimia vizuri."

Tsukuda alivua viatu, akakimbia kwa soksi juu ya lami ya barafu ili asisikike. Baridi ilimpanda hadi magotini. Mdomo wa handaki ulikuwa duara la samawati, na ndani ya duara lile kivuli cha mtu kimeipa foleni uso na kumpa yeye mgongo. Alikuwa anaiinamia Probox ya Kuze kwa mara ya kumi pengine, huku mkono mmoja ukitoa simu mfukoni.

Mdomo wa SIG ulimgusa kwenye figo.

"Usigeuke. Rudisha simu. Endelea kuinama."

"Wewe..." Mgongo wake ulikakamaa. "Wewe si umeshakufa?"

"Naambiwa. Inama, foleni inakutazama."

Akainama. Tsukuda, uso ameuficha nyuma ya bega lake Kuze asimwone, akainama pia, maana mfanyakazi wa barabarani asiyeomba radhi angeshangaza watu kuliko bastola. Nyuma ya kioo, Kuze Mitsuru aliwajibu kwa kuinamisha kichwa, mvi zake zimechanwa vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Walikuwa mita tano tu kutoka kwake. Mikono yote miwili ya mzee ilikuwa juu ya usukani, na vidole vilikuwa vyeupe kwa kuukaza. Naye pia alikuwa anaogopa.

"Turudi kibandani, taratibu. Kama ndugu wawili."

Ndani ya kibanda pingu zililia. Tsukuda alimvua yule mtu kofia na kizibao, akavaa. Viatu vya mpira pia alimvua, vikawa vikubwa kwake.

"Tsukuda!" Ibuki alikuwa anapayuka sikioni. "Tsukuda, uko hai? Jibu!"

"Niko kazini, Mkuu. Naongoza magari."

"Unaongoza nini?"

"Polisi wako wapi?"

"Wamefika mlango wa pili. Wameuzuia, hakuna gari linaloingia kutoka kule. Wana gari la kiraia, watamfuata Kuze kwa mbali hadi Niigata."

"Basi namruhusu."

Alitoka. Theluji ilikuwa imeanza tena. Alishusha kofia hadi kwenye nyusi, kwa sababu Kuze alimjua, na akimtambua angeelewa, na akielewa angegeuza gari. Acha aamini hadi kesho kwamba barabarani hakuna aliyemjua. Ndivyo alivyoahidiwa.

Alipunga kijiti.

Probox nyeupe iliwasha taa. Mwanga ukaupiga ubao, na ndani ya kibanda, kwenye sikio la mtu aliyefungwa pingu, kifaranga kikalia tena. Gari likasogea. Likampita karibu kiasi kwamba aliona ganda la chungwa juu ya dashibodi, kisha likaingia gizani.

Ndani kidogo ya handaki, taa za tahadhari za Probox ziliwaka mara mbili.

Huku kwetu dereva aliyepewa njia hushukuru hivyo. Mzee alimshukuru mwongoza magari, mfanyakazi fulani tu asiyemjua, kwa kumruhusu apite.

Tsukuda aliinama. Aliinama chini sana, na akabaki ameinama muda mrefu kuliko kazi ile inavyodai, hadi dereva wa gari lililofuata akaanza kujiuliza kama yuko salama. Kisha akasimama, akafuta uso kwa kiganja cha glavu, na kuyapitisha magari yaliyobaki moja baada ya jingine.

Askari wa kwanza walipofika aliwakabidhi kijiti na ufunguo wa pingu. Mmoja wao, aliyekuwa ameshalimulika lori kwa tochi, alimkodolea macho kwa heshima ya kutosha.

"Afande, hukuogopa?"

"Kuna baridi," alijibu.

Akajifunga kola na kuanza kushuka mlima kwa viatu visivyo vyake, mikono mfukoni, bila kugeuka. Alikuwa bado anaogopa, ila viatu vile vilikuwa vikubwa na theluji ilikuwa nene, na hakuna aliyeona.